Msichana wa Sabuni

Theta, karibu na Ruiru
Jumamosi jioni

Kwako Wangari, uliye mwanangu na tena mama mkwe wangu kwa jina,

Nimekuacha ndani na baba yako mkifunga sanduku kwa kamba, nikasema naenda kuchuma mboga. Mboga nimeshachuma. Nimekaa huku nyuma ya ghala la mahindi, mahali ambapo hamtanitafuta, na bado kuna mwanga wa kutosha kuona kalamu. Barua hii nitaiweka katikati ya nguo zako, usiione mpaka uwe umefika.

Mambo ya kula na kulala, kufunga mlango na kutokubali kubebwa na magari ya watu usiowajua, tumeyasema mpaka ukachoka. Siyarudii. Wala sikuandikii ili usiende. Sanduku limefungwa, na mimi mwenyewe nilikushikia kifuniko.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kwa Kikuyu ningekuwa nimekukaripia tangu mstari wa kwanza, nawe ungekuwa umeinuka ukatoka nje. Kiswahili nilifundishwa misheni, nacho ndicho utakachokisema ukiwa juu ya lile gari la matangazo, kwa hiyo kitutoshe sote wawili.

Jina la ile krimu unayokwenda kuitangaza sitaliandika hapa. Najua ni kazi bure. Umefika kwenye mstari huu na umeshalitaja moyoni, pamoja na wimbo wake. Hata mimi nimelitaja.

Nataka kukuambia lilivyoingia nyumbani kwetu. Wewe unafikiri lilianza na wewe.

Mara ya kwanza gari lile kuja kwenye shamba la kahawa, ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Wakati huo hawakuwa na krimu, walikuwa na sabuni tu. Tulikuwa tumetoka kupima kahawa, mikono yetu imekuwa myeusi kwa utomvu, tukasikia sauti ya mwanamume kubwa kuliko sauti ya mtu. Tukakimbia kuona. Ubavuni mwa gari palikuwa pamechorwa msichana mkubwa kama mlango wa kanisa, ameshika sabuni shavuni. Hakuwa Mzungu, wala hakuwa mmoja wetu. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Na yule mwanamume alikuwa akisema kwenye kipaza sauti, “Ng’ara, upendwe! Ng’ara, upendwe!”

Wenzangu walicheka wakapiga makofi. Mimi nilitazama mikono yangu, na nikaona haya. Mikono ile ile niliyokuwa nayo asubuhi, Wangari. Nilikuwa nimemaliza mistari yangu ya mibuni kabla ya wengine, na asubuhi nilikuwa najivunia. Sasa nikaificha ndani ya leso niliyokubebea.

Watu husema nilikataa matangazo kwa sababu nimeokoka. Nami nimewaacha waseme hivyo, kwa kuwa inasikika vizuri kanisani. Kweli nilikuwa nimeokoka. Lakini nilichokimbia ni ile haya. Nilisema moyoni, kitu hiki kimeniona mara moja, hakitaniona tena.

Basi nikaanza kukimbia. Gari likija, nilikuwa nakuchukua tunateremka mtoni hata kama maji hayajaisha nyumbani. Lile duka la Ruiru lenye bati la tangazo ukutani sikupita mbele yake. Nilizunguka nyuma, kwenye matope, na mzigo kichwani. Unakumbuka nyumba yetu ya laini, kule kwenye safu za vibanda vya wafanyakazi wa shamba, tulivyoibandika magazeti ukutani kuzuia upepo? Wengine walibandika kama yalivyokuja. Mimi nilikuwa natazama kwanza. Ukurasa wenye picha za sabuni na sigara na poda niliupaka gundi ya unga upande ule ule, picha ikatazama udongo. Nilidhani nimeshinda. Mpaka siku niliyokukuta umelala kifudifudi, unabandua pembe moja kwa ukucha, ulimi nje, polepole kama mtu anayemenya yai.

Nikakuuliza, “Unafanya nini?”

Ukasema, “Maitu, nataka kuona ile umeficha.”

Nilikuchapa. Kurasa zenye habari hukuwahi kuzigusa.

Tata yako Wanjiku, dada yangu, alikuwa akinicheka. Unamjua, yeye hakukimbia kitu maishani. Gari likija sokoni Thika, aliacha mboga zake akaenda kusimama mbele kabisa, akajifunza wimbo, akarudi akiuimba huku akipanga nyanya. Siku moja alikuja kututembelea, gari likaingia, nikakushika mkono tuondoke. Akaniambia, “Njeri, wewe unakimbia kitu hiki kama mtu anayekimbia mbwa. Kila hatua unaangalia nyuma. Mimi nikikiona nacheka, kinakwisha. Wewe ndiye unakaa nacho siku nzima.”

Nikamwambia yeye ni mtu wa dunia. Akasema, “Ĩĩ, na wewe ni wa wapi?”

Kisha Imajensi ikaja, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Wazungu. Baba yako akachukuliwa na lori asubuhi moja pamoja na wanaume wengine wa laini, na sisi tukahamishiwa kwenye kile kijiji cha handaki na lango moja. Huko gari la sabuni likawa linakuja kama kawaida. Walinzi walifungua lango, likaingia, wakafunga. Hapakuwa na mto wa kukimbilia. Kwa hiyo nilikuwa nawaketisha ninyi watoto ndani, nafunga mlango, naanza wimbo wa kanisa kwa sauti yote niliyonayo. Sauti ile kule nje, sauti yangu ndani. Siku nyingi sana tulifanya hivyo.

Nikuambie kitu ambacho hata mchungaji sijamwambia? Wimbo ule hauko tena. Wakiuanzisha kanisani, mdomo wangu unaimba maneno ya Mungu, na ndani ya kichwa nasikia ya sabuni. Yameshikana. Mimi mwenyewe niliyashikanisha kwa kuyapiganisha. Ule ndio uliokuwa wimbo wangu wa kuokoka, na nimeupoteza kwa watu ambao hawajui hata kwamba wameuchukua.

Sasa nifike Thika.

Baba yako aliomba picha yako. Alikuwa kizuizini kwa muda mrefu, akasema amesahau uso wa mama yake, na kwa kuwa wewe ndiwe mama yake, tumtumie. Nikaomba shambani pasi ya kusafiri. Nilikufulia gauni, nikakupaka mafuta ya ng’ombe miguuni, tukaenda. Tata Wanjiku alitungoja pale stendi, akatupeleka kwa yule Mhindi mpiga picha aliyekuwa na pazia lililochorwa ngazi na maua. Ulisimama mbele ya zile ngazi za uongo kama askari. Hukutabasamu. Nilikupenda sana siku ile, na nataka ujue hivyo kabla hujasoma yanayofuata.

Tuliporudi kuchukua picha, alinipa mkononi. Ulikuwa wewe kabisa. Paji la uso la bibi yako, macho yake, na weusi wake ule ambao mzee wa baba yako alikuwa akisema ni wa udongo wa Gatuanyaga mvua ikishanyesha. Nikaitazama, nikasema:

“Mbona hajang’ara?”

Mhindi akasema, “Mama, hii ndio sura yake.”

Nikasema, “Fanya ing’are kidogo. Baba yake asije akadhani mtoto ana shida.”

Akacheka. Alikuwa ameshazoea, nadhani. Akaenda nyuma ya pazia lake na namna zake za dawa na taa, tukangoja, akarudi na picha nyingine. Nikasema hiyo ndiyo nzuri. Wewe ulikuwa umesimama kando yangu, kidevu chako kinafika mezani. Uliziona zote mbili.

Njiani Tata Wanjiku akaniuliza, “Njeri, lile neno umelitoa wapi?”

“Neno gani?”

“Kung’ara. Sijawahi kukusikia ukilisema. Hilo ni la gari.”

Nikakataa. Nikasema ni neno la Kiswahili, kila mtu analo. Naye hakubishana, na Wanjiku asipobishana ujue ameona kitu. Mimi sikuwa nimejisikia nikilisema, Wangari. Ningeapa kama tungekuwa watu wa kuapa. Maisha yangu yote sijanunua hata kipande kimoja cha sabuni ile. Nguo zenu na miili yenu nimeiosha kwa sabuni ya mche, ile ya bei ya chini isiyo na picha. Nilijisifu kwa hilo. Kumbe hawakuhitaji ninunue. Walinipa macho yao, nikakutazama nayo, mbele ya meza ya Mhindi, na wewe ukanitazama nikikutazama.

Baba yako aliporudi, ulikuwa umeshakuwa mrefu. Aliingia, akakaa, akakunywesha chai kwa kukushikia kikombe kana kwamba bado u mtoto, na wewe ukanywa kwa kumwonea huruma. Hakuacha kukutazama. Kisha akatoa ile picha mfukoni. Ilikuwa imekunjika mpaka ikawa laini kama kitambaa.

Akasema, “Nilikuwa naitoa kila jioni nione mama yangu. Sikumwona. Nilikuwa naona msichana wa sabuni.”

Alisema kwa uchungu. Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu naye na nilisikia pumzi yake. Kwake yeye yalikuwa maneno ya mtu aliyenyimwa. Nikageuza uso nisione macho yake, na ndipo nikakuona wewe.

Ulikuwa unatabasamu.

Ulisikia kwamba baba yako, aliyekaa mbali miaka yote ile, kila jioni alikuwa na msichana wa sabuni, na msichana huyo ni wewe. Ukanyoosha mkono ukasema, “Baba, naweza kukaa nayo?” Akakupa. Angefanya nini? Hakujua umesikia nini. Mimi nilijua, na ningeweza kusema pale pale. Ningesema, baba yako anaulilia uso wako, huo ulio nao. Nilikwenda kuongeza kuni.

Mara nyingi nimefikiri kwamba kama ningesema, usingeanza kujipaka. Siku hizi sidhani tena. Ungeniuliza kwa nini basi nilimwambia Mhindi vile, na ningekujibu nini?

Tata Wanjiku alianza krimu kabla yako. Kwa uwazi, kama anavyofanya kila kitu, kopo juu ya meza, akicheka. “Naona tu itafanya nini,” alisema. Mwaka haukuisha. Uliona uso wake. Uliona mashavu yalivyokuwa mekundu kwanza, akawa anasema amependeza, kisha yakarudi na madoa meusi kama sufuria iliyoungua, na hayatoki. Anauza mboga amejifunga kitambaa mpaka puani. Nilienda kwake nikiwa nimejiandaa kutosema lolote, na nikakuta kopo jipya mezani.

“Wanjiku!”

“Hii ni ingine,” akasema. “Wamesema hii haichomi.”

“Ni hao hao.”

“Najua ni hao hao. Kwani wewe unajua wengine?”

Mimi niliyekuwa nakimbia na yeye aliyekuwa anacheka, tulikaa pale tukanywa chai na lile kopo katikati yetu. Zamani nilidhani mmoja wetu angekuwa na haki, na mwingine angejifunza.

Kwako wewe niliijua kwa harufu, kabla ya rangi. Kisha ukaanza kutafuta kivuli, wewe uliyekuwa unashinda juani ukichunga mbuzi. Ile Jumapili niliyokuuliza, nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nilisema, “Umeona uso wa tata yako.”

Ukasema, “Nimeuona.”

“Na bado?”

“Maitu, mimi sijadanganywa. Najua ni uongo. Lakini nikiingia ofisini kuuliza kazi, mtu wa mezani hajui kuwa ni uongo. Ananitazama hivi, anamtazama mwingine hivi. Sasa nikae na ukweli wangu nje, kwenye benchi?”

Nikasema ni matangazo yamekutia hayo kichwani. Nawe ukanijibu pole pole, bila dharau, na ndiyo sababu sijalisahau: “Matangazo gani? Nyumbani kwetu hayakuwepo. Mimi nilisikia Thika, kwa mpiga picha.”

Sikukujibu wakati ule. Nakujibu sasa. Ni kweli. Ulisikia kwangu.

Siku walipokuita juu ya gari pale sokoni, sikuwepo. Nimehadithiwa na watu wengi hata naona kama nilikuwepo. Mtu wa gari la krimu, yule mwenye tai, akakuona kwenye meza ya tata yako, akasema kwenye kipaza sauti, “Yule msichana apande hapa tumwone,” ukapanda, watu wakapiga makofi, akakushika kidevu akakugeuza huku na huku. Nasikia ulijibu maswali yake yote bila kigugumizi, kwa Kiswahili safi. Nilijivuna kusikia hivyo. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, ingawa linanichoma. Nilijivuna.

Nilimwambia baba yako akukataze kwenda kufanya kazi nao. Alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Aliupima mpini kwa jicho, halafu akasema, “Mimi nilipandishwa lori bila kuulizwa. Yeye ameulizwa, akakubali. Nitamwambia nini?” Akaendelea kuchonga. Mpini ulikuwa umeshanyooka, lakini aliendelea.

Nimetafuta neno la kukupa ulibebe. Nimekaa hapa mpaka kuku wameingia, na sijalipata. Nikikuambia usisikilize, mimi sikusikiliza. Nikikuambia sikiliza kisha ucheke, tata yako alicheka. Nikikuambia ukijua ni uongo utapona, wewe unajua kuliko sisi wote, na chini ya sikio lako la kushoto ngozi imeshaanza kuwa nyekundu. Nimeiona leo nikikusuka. Ulishtuka kidole changu kilipogusa, ukasema ni mkwaruzo wa chanuo.

Ikianza kuwasha sana, rudi nyumbani. Naandika hivyo kwa kuwa mama lazima aandike hivyo. Najua hutarudi kwa sababu ya kuwasha.

Jana jirani zetu walipita wakaniambia kwamba gari lenu litakuja Ruiru mwisho wa mwezi, na wote watakwenda kumwona Wangari. Wameshapanga. Hata wale wazee wa kanisa, wale tuliokuwa tukifunga milango pamoja, wameuliza ni saa ngapi. Hawaendi kwa ajili ya krimu. Wanakwenda kwa ajili yako, mtoto wao.

Nami nitakuja. Nitakuwa nimekukosa mwezi mzima, na ukinitaka nikae nyumbani sitaweza. Nitasimama mbele kabisa, mahali ambapo sijawahi kusimama, nikuone vizuri, na nitasikia kila neno, kwa sababu litakuwa linatoka kinywani mwako. Nitakuja kukuona wewe tu. Wenye gari hawataona tofauti, na labda haipo.

Nimeambiwa kwamba mwishoni huwa mnafungua kopo na kuuliza ni mama gani atajaribu. Ukiniona pale, usinipite kwa kunionea huruma; watu watashangaa kwa nini umemruka mama yako. Niite. Mbele ya watu wote wale siwezi kukuaibisha, mwanangu. Nitanyoosha mkono, nawe unipake.

Mimi mama yako,
Njeri